Glovu za Kushukia Mombo

Ukitaka kujua kama glovu inazuia upepo, usiitazame kwa macho. Iweke mdomoni, upande wa mgongo wa kiganja, uibane vizuri kwenye midomo, halafu upulize. Pumzi ikitokea upande wa pili, irudishe kwenye fungu, hata iwe nene namna gani. Pumzi ikigoma kupita ikakurudia mashavuni, hiyo ishike usiiachie. Nimewafundisha hivyo wateja wengi pale sokoni Korogwe, na karibu wote hucheka kwanza. Wanasema, dada, unataka tubusiane na kafa Ulaya, nguo za marehemu wa watu. Nawaacha wacheke, kwa sababu mteja anayecheka hanyanyuki haraka.

Mimi nauza mitumba, nguo za watoto zaidi. Glovu si biashara yangu. Kwa jua la Korogwe nani angezinunua? Huja zenyewe ndani ya beli za nguo za baridi, zimejificha kwenye mifuko ya makoti, mara nyingi moja moja, ya kushoto leo, ya kulia pengine isije kabisa. Nilianza kuzichunguza kwa ajili ya mtu mmoja tu, na huyo alikuwa mume wangu.

Alikuwa na pikipiki, lakini hakuwa wa kubeba abiria mjini. Yeye alipanda Lushoto alasiri, akalala huko kwa rafiki yake, na alfajiri akapakia karoti na kabichi na kuteremka nazo zile kona zote hadi Mombo, kisha akashika lami kuja Korogwe kabla kina mama wa sokoni hawajachoka kusubiri. Watu wa mbali wakisikia Tanga hufikiria joto tu. Ni kweli, huku chini tunalijua jasho, na Handeni, kule Sindeni nilikozaliwa, tunalijua zaidi. Lakini kipupwe kikiingia, kule juu ukungu hushuka mpaka barabarani, na pikipiki nayo hujitengenezea upepo wake. Mume wangu alikuwa akifika nyumbani vidole vimekufa ganzi, ananinyooshea mikono nimfungulie vifungo vya koti. Nilikuwa nimeshamwekea chai mezani. Kikombe alikishika kwanza, kunywa kulifuata baadaye.

Nilianza na kosa la kila mtu, sufu. Nilimletea glovu za sufu, nyekundu, nzuri za kupendeza, akazivaa safari moja. Aliporudi akaniambia upepo ulipita kana kwamba hakuvaa kitu, na zilipolowa ukungu akawa amevaa matambara ya kuoshea vyombo. Nikamletea zile nene za watu wa theluji. Hizo upepo haukupita, ila alishindwa hata kuwasha indiketa. Akabonyeza honi badala yake, akamtisha mama wa watu hadi akatupa mzigo wa kuni. Tulicheka sana usiku ule. Lakini nikaelewa kwamba kile ninachokitafuta si cha kuokota tu: kiwe chepesi mpaka mtu ahisi breki kwa vidole vyake, na bado upepo usipite.

Basi nikawa mkali kwenye kuchagua. Kwanza napuliza. Ikifaulu, naivaa na kujaribu kuokota punje ya hindi juu ya meza, maana mkono usioweza kuokota punje hauwezi kushika breki kwenye kona. Kisha natazama kiganja, kama kina vile vidoti vya mpira vya kuzuia kuteleza. Mwisho natazama sehemu ya kifundo cha mkono, kama ina lastiki ya kuingia chini ya mkono wa koti, kwa kuwa upepo ni mjanja, ukizuiwa mbele hupitia nyuma. Nilipata ya kushoto moja iliyofaulu yote, ya kijivu, ina mstari wa kijani kwenye kidole gumba. Nikaiweka. Beli zikafunguliwa na kwisha, nikawa wa kwanza kuinama na wa mwisho kuinuka, wenzangu wakanitania kwamba natafuta pete ya ndoa iliyopotea. Siku niliyoipata mwenzake, ya kulia, ile ile ya mstari wa kijani, nilipiga kigelegele sokoni bila aibu.

Nilizifunga pamoja kwa uzi wa katani, kwa fundo ninalofunga kila kitu changu cha jozi, soksi, viatu, vyote. Nilifundishwa na bibi yangu Sindeni. Ndilo tulilofungia miguu ya kuku wa kupeleka gulioni. Nilipoolewa, baba mkwe aliniona nikifunga hivyo akanitania kwamba kwao Ngombezi nguo hazikimbii, sasa mimi nazifunga kama kuku kwa nini. Tangu hapo alikuwa akiliita fundo la kuku, na kila alipoona kiroba cha mume wangu kimefungwa namna ile alijua kimepita mikononi mwangu.

Huyo baba mkwe ndiye nitakayemsema sasa, na niseme mapema kwamba nilimpenda. Ni mkata mkonge mstaafu. Baba yake aliletwa kutoka mbali akiwa manamba, kibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, akafia kambini Ngombezi, naye akalishika panga alilomwachia. Maisha yake yote mkonge umemchoma. Kwa watu wa kazi ile, glovu ni ngozi, na ngozi iwe nene ya kushindana na mwiba. Nyingine zote kwao ni za maharusi. Alikuwa na pea yake ya ngozi ya manjano, iliyokauka kwa utomvu na jua, ikining'inia kwenye msumari mlangoni. Alipostaafu aliondoka na hizo na panga, basi.

Siku mume wangu alipoleta pikipiki, mzee aliagiza ipelekwe kwake kwanza. Akaisomea Fatiha, akazishusha zile glovu kutoka kwenye msumari, akazipulizia dua kwenye viganja, akamvisha mwanawe mwenyewe, mkono mmoja baada ya mwingine. Sisi wanawake tulisimama pembeni. Nikamwona mume wangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, machozi yanamlengalenga. Pale pale nikajua glovu zile hazitatoka mikononi mwake kirahisi, hata kabla sijajua kama zinafaa au hazifai.

Hazikufaa. Ngozi ile ilikuwa imeshika umbo la mikono ya mtu mwingine, mikono iliyoshika panga. Vidole havikukunjika vizuri, na ikilowa ukungu ilikaa na maji yake mpaka Korogwe. Ndiyo maana nilihangaika na beli. Nilipompa zile za kijivu alizipuliza mwenyewe zikiwa na fundo lake, akaniangalia kwa furaha. Kisha akaziweka bila kufungua fundo kwenye kijisanduku cha vifaa chini ya kiti cha pikipiki.

Nilimuuliza kulikoni. Akasema mzee husimama kila asubuhi pale njia panda ya Ngombezi kumtazama akipita, naye humwinulia mkono ili aone ngozi ya manjano; zile safari mbili za sufu na za theluji alimpita bila kumwinulia, na hataki kurudia. Nikamwambia basi avae zangu huko juu, akikaribia njia panda abadilishe. Nilikuwa nimekasirika, nikaongeza kwamba mzee haoni mbali kiasi hicho.

"Kitu alichonivisha baba kwa dua natoka nacho na narudi nacho," alinijibu. "Hizi zake zitachakaa tu. Zako zitangoja."

Nikamwambia ngozi iliyoshindana na mkonge haichakai. Alicheka, akaingia kuoga. Kwao walilelewa hivyo, na sehemu ya moyo wangu ilimheshimu kwa hilo, hata pale nilipokuwa nasonya.

Alifia kwenye kona juu ya Mombo, asubuhi ya ukungu na manyunyu. Lori la mbao lilikuwa linapanda. Wengine walisema lori lilikula upande wake, wengine walisema pikipiki haikupunguza mwendo. Waliopima barabara walipima, wakaandika, wakaondoka. Rafiki yake aliyekuwa akimfuata nyuma na pikipiki yake alikuja msibani, akasubiri watu wapungue, akaniita pembeni. Aliniambia kwamba asubuhi ile walisimama Soni, na mume wangu alizishika pande za injini na zile glovu za ngozi zilizolowa ili zipate moto, akasema vidole vyake havisikii kitu.

"Breki nadhani alichelewa, dada," alisema. "Alishika, ila alichelewa."

Akaniomba nisimtaje. Nilimwitikia kwa kichwa.

Walizika Ngombezi, nami nikakaa eda kule kule, kwenye chumba cha uani nyumbani kwa wakwe zangu. Ukuta kati yangu na baraza ulikuwa wa udongo, na kila lililosemwa barazani lilinifikia. Wageni walikuja kutoka Mazingara, kutoka Sindeni, kutoka makambi yote, na kila mgeni baba mkwe alimweleza habari moja. Kwamba mtoto wake alikutwa na glovu za baba yake mikononi. Kwamba barabara ilimvunja kila mahali, lakini mikono haikupata hata mchubuko, kwa kuwa aliilinda yeye kwa ngozi yake na dua yake. Watu wakasema Alhamdulillah. Wakasema, mzee, umemkinga mpaka mwisho. Na glovu zilikuwa zimerudi kwenye msumari wake, kwa sababu ndugu waliona ni haki mali ya mzee irudi kwa mzee.

Nilikuwa nimelala upande wangu wa ukuta natafuna ncha ya kanga. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mzee yule katika miezi ile, na huku nilikula chakula cha mkono wa mkewe na kuitikia dua zake. Alinibishia hodi kila asubuhi kabla ya kutoka, akauliza mama umeamkaje, nami nikamwamkia shikamoo baba. Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kulia. Halafu mgeni akifika naisikia inapata nguvu: alikutwa na glovu zangu mikononi. Hilo tu ndilo lililokuwa linamsimamisha, na mimi nilikuwa na neno la kuliangusha. Kijisanduku cha pikipiki waliniletea. Ndani kulikuwa na spana, kitambaa, na zile glovu za kijivu na fundo langu.

Eda ilipokwisha nilirudi Korogwe, kwenye meza yangu sokoni. Nilijiambia sitamweleza. Mzee aliyezika mtoto ana haki ya kubaki na kitu cha kushika. Halafu siku nyingine nakunja visoksi vya watoto, nafunga fundo, na hasira inapanda kutoka miguuni, nasema lazima ajue, kwa nini niwe peke yangu ninayejua. Nikakaa hivyo kwa miezi mingi, nikienda kuwasalimia na kurudi bila kusema kitu.

Kipupwe kilichofuata, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akapata pikipiki. Wakulima wa kule Lushoto waliokuwa wakimpakilia ndugu yake walikuwa wamemwita. Mama mkwe alikuja sokoni kunieleza, akawa anashika shika nguo za meza yangu bila kuziona, akasema mzee amefurahi, kesho anamvisha mdogo mtu zile glovu. Aliposema hivyo nilikaa chini. Akaniuliza naumwa nini, nikasema ni jua.

Nilifunga meza mapema nikapanda bodaboda kwenda Ngombezi. Njiani nilipanga maneno. Nilikuwa nimeyapanga kwa mwaka mzima, kwa hiyo yalikuwa mazuri, makali, yenye mwanzo na mwisho. Nilimkuta baba mkwe kwenye ua wa mbele, amekaa kwenye kigoda, zile za ngozi ziko mapajani, anazipaka mafuta ya nazi kwa kidole ili zilainike. Vidole vyake havinyooki tena. Kazi imeviacha vimejikunja. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akanionyesha glovu kwa fahari ya mtoto.

"Zilimlinda kaka mtu," alisema. "Sasa zimlinde huyu."

Maneno yangu yote yakapotea. Nilipiga magoti kama tunavyofanya mbele ya wakwe, nikafungua mkoba, nikamwekea zile za kijivu juu ya mkeka. Nilisema tu kwamba nimemletea shemeji, ni nyepesi, na upepo haupiti.

Alizichukua. Alianza kwa kutabasamu, kwa sababu ya fundo; nadhani utani wa zamani ulikuwa umeshamfika mdomoni. Alijaribu kulifungua, vidole vikakataa. Akazigeuza. Pembeni kulikuwa na doa jeusi la oili, lile la kijisanduku. Akazinusa. Kwenye viganja vile vidoti vya mpira vilikuwa vizima vyote, havijagusa kitu. Mtu aliyeishi na glovu anajua kuitazama glovu. Nilimwona akitulia polepole, kwanza mikono, kisha uso.

"Zilikuwa kwenye pikipiki yake," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Hazijafunguliwa."

"Hazijafunguliwa, baba."

Nilitaka kuyarudisha maneno yangu. Nilitaka kumwambia mambo ya lori, kwamba lilikula upande wake, kwamba hakuna anayejua, na kweli hakuna anayejua mpaka leo. Nilianza kusema, akainua mkono kunizuia, bila ukali. Aliuliza swali moja tu, kama mikono ilikuwa baridi. Nikasema asubuhi ile alionekana Soni akiipasha moto kwenye injini.

"Alinitii," baba mkwe alisema.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nililia vibaya, kwa sauti, kuliko nilivyolia siku ya maziko. Kwa mwaka mzima nilidhani siku akijua nitapata nafuu. Sikupata. Nilijiona nimembebea mzee wa watu msiba wa pili, nimeutua mapajani mwake. Aliniacha nimalize. Kisha akanisogezea zile za kijivu akaniomba nimfungulie, na nikalifungua fundo nililolifunga siku ile ya kigelegele. Akaingiza mkono wake wa kulia, kwa shida, kidole kwa kidole. Akakunja vidole kama mtu anayeshika breki, akaachia, akakunja tena. Alifanya hivyo kwa muda mrefu huku anautazama ule mkono wa kijivu.

Asubuhi yake nilikuwepo. Alimwita shemeji mbele ya pikipiki, akasoma Fatiha, akazipulizia dua zile glovu nyepesi, na dua yake, kama pumzi yoyote, haikupita upande wa pili. Ilimrudia mwenyewe usoni. Akamvisha. Shemeji alishangaa, akaitafuta ngozi ya manjano kwa macho, mzee akamwambia hizi ndizo za kazi ile. Akamwambia pia kwamba siku atakayoona hazifai azitupe, atafute nyingine, asimuulize mtu, hata yeye baba yake asimuulize. Shemeji aliitikia bila kuelewa.

Mzee bado husimama njia panda asubuhi. Shemeji akipita humwinulia mkono wa kijivu, naye humwinulia wake mtupu. Wageni wakija na kumkumbusha habari ya glovu, kwa kuwa Ngombezi yote inaijua, huwaambia mtoto wake alikuwa mtiifu, kisha huuliza mvua za kwao zimeendaje. Msumari wa mlangoni hauna kitu. Mama mkwe ameniambia mzee siku hizi anatandika kitanda chake mwenyewe na hataki mtu mwingine anyanyue mto, kwa sababu chini yake ndiko ziliko zile za ngozi.